Nimesema Hasira

Niliseme hili mapema lisije likanikaba: mimi sikumpa Marnie Ackroyd hata neno moja. Hata "na". Wanaonong'ona kwenye chumba cha walimu kwamba nilimtungia, waje waseme mbele yangu, nami nitawakumbusha kwamba kabla ya kuja shuleni nilikuwa karani wa mahakama hapa Ackenshaw kwa miaka ishirini na miwili. Nimeandika maneno ya wezi, ya walevi, na ya bwana mmoja aliyemrushia jirani yake bata mzinga wa Krismasi akiwa bado barafu, na hakuna hata mmoja wao niliyemwongezea nukta. "Andika alichosema, Bi Hinchliffe," hakimu alizoea kuniambia. "Alichotaka kusema ni shauri la wakili wake." Nimeishi kwa kanuni hiyo, na sikuiacha mlangoni nilipoingia shuleni.

Kazi yangu shuleni ni hii. Mtoto ambaye herufi zinamchezea machoni anaruhusiwa kupewa mtu wa kumsomea mtihani na kumwandikia majibu. Mtu huyo ni mimi. Nasoma swali lilivyo, yeye anasema, naandika. Sikunji uso, sitikisi kichwa, siguni. Akitaka kusikia alichosema, namsomea. Akisema upuuzi, naandika upuuzi kwa mwandiko mzuri.

Marnie alikuwa na miaka kumi na tano wakati huo, msichana mrefu mwenye mikono isiyojua ikae wapi, na tabia ya kutafuna mkono wa sweta. Ukurasa mmoja ulimchukua muda wa kuchemsha sufuria ya viazi. Kwa ajili hiyo, na kwa ajili hiyo tu, alitupwa kundi la tano la Kiingereza tangu mwaka wake wa kwanza na hakutoka tena. Kundi la tano ndilo la mwisho. Kundi la kwanza wanabishana juu ya mashairi mpaka kengele inalia. La tano wanafundishwa na yeyote aliye na kipindi kitupu. Mwaka uliopita alikuwa mwalimu wa mpira, tena alikuja na filimbi shingoni. Wanapewa karatasi za kujaza mapengo: "Mshairi anahisi nini? Chagua: furaha, huzuni, njaa." Shairi likitaja waridi, kuna picha ya waridi ya kupaka rangi. Kupaka rangi! Binti anaosha nywele za watu saluni kila Jumamosi, anajua nani kaachwa na nani anadanganya umri, halafu Jumatatu anapewa penseli ya rangi nyekundu.

Ningevumilia hata hayo. Lakini kuna desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyonichemsha damu. Kila Februari idara ya Kiingereza hupitia majina ya kundi la tano na kuyafuta kwenye orodha ya mtihani wa mwisho wa Fasihi, unaofanyika Mei na kusahihishwa na watu wa nje. Watoto hao hufanya mtihani wa Lugha peke yake. Wenyewe husema wanawapunguzia mzigo. Mzigo wa nani? Mtoto anayepata alama mbaya huiharibia shule sifa, na asiyefanya mtihani hawezi kupata alama mbaya. Mambo ni hayo, na kila mtu anayajua, na kila mtu hunywa chai yake.

Marnie hakutaka kupunguziwa kitu. Alitaka kwenda kidato cha tano akasome fasihi, jambo ambalo alimwambia baba yake, akaniambia mimi, na akajuta kumwambia mtu mwingine yeyote. Chuo alichoomba nafasi hiyo kilimjibu kwa mstari mmoja: bila mtihani wa Fasihi usijaze fomu. Mkuu wa idara, Bwana Tranter, kijana wa miaka thelathini na mitatu mwenye viatu vinavyong'aa, aliwaambia kundi la tano kwamba atakayepata kumi na mbili kati ya ishirini na nne kwenye swali la ushairi la mtihani wa moko, ule wa majaribio, jina lake litabaki. Nadhani aliahidi kwa kuwa hakutegemea kudaiwa. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Tulifanya moko kwenye chumba kidogo kando ya darasa la Jiografia, mimi na Marnie na ramani za mito zilizokunjwa. Shairi lilikuwa geni kwake na kwangu, maana ndivyo swali hilo linavyotaka: mtahiniwa akutane nalo palepale. Nilimsomea.

*Koti lako lingali kwenye msumari nyuma ya mlango.*
*Sijaligusa tangu Machi.*
*Chakula changu nakila nikilitazama.*
*Hatua zikisikika njiani nazihesabu hadi ngazini,*
*kisha nakumbuka, na kukaa tena.*
*Majirani husema: bado anampenda.*
*Nami huwamiminia chai.*

"Tena, Madam," akasema Marnie. "Polepole."

Nikasoma tena. Akafumba macho. Nikasoma mara ya tatu. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nililiona shairi tamu la mjane, la kumtoa mtu machozi mawili na kumrudisha kwenye kuosha vyombo. Sikusema. Si kazi yangu.

"Hajaligusa," akasema.

Kalamu yangu ikangoja.

"Sawa, andika. Kila mtu atasema huyu mama anampenda marehemu. Mimi sioni. Bibi yangu alipofiwa na babu alilala na sweta lake miezi sita, likanuka, akakataa lifuliwe. Huyo ndiye anayempenda mtu. Huyu hata kuligusa koti hajaligusa. Anakula akilitazama. Mbwa mkali humpi mgongo. Halafu anasema 'kukaa tena'. Kumbe alikuwa amesimama! Akisikia hatua anasimama, anahesabu, ndipo anakumbuka kwamba mwenye hatua amekufa, anakaa. Hamngojei. Alikuwa anamwogopa, na bado anamwogopa. Na wanaosema anampenda ni majirani. Yeye mwenyewe hajasema popote. Anawapa chai wanyamaze."

Akafumbua macho. "Nisomee."

Nikamsomea neno kwa neno. Akabadilisha kitu kimoja: alitaka "anawapa chai wanyamaze" iwe sentensi ya peke yake. Mkono wangu uliandika, lakini nywele za shingo zilikuwa zimesimama. Nimekaa na watu waliosoma vyuo vikubwa wakisema maneno marefu juu ya mashairi, na hakuna aliyenifanya nione haya kwa jinsi nilivyosoma mwenyewe.

Jumatano, Bi Crowther, mwalimu mkuu msaidizi, aliniita ofisini kwake. Bwana Tranter alikuwa ameshakaa, karatasi ya Marnie juu ya goti. Alama: nne kati ya ishirini na nne. Pembeni kwa wino mwekundu: *Haya si maneno ya mtahiniwa. Mwandishi achunguzwe.*

"Avril," akaanza Tranter kwa ile sauti wanayotumia kwa wagonjwa, "hakuna anayekulaumu. Ulimwonea huruma mtoto. Ni jambo la kibinadamu."

"Nilimwonea huruma nikafanya nini?"

"Ukamsaidia kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Nionyeshe mstari."

Akacheka kwa pua. "Tuwe wakweli. Kundi la tano hawasemi hivi."

"Umewahi kulifundisha kundi la tano?"

"Hiyo siyo hoja."

"Ndiyo hoja yenyewe, Simon. Umewahi?"

Akamtazama Bi Crowther, na Bi Crowther akatazama birika. Hakuwahi. Miaka sita shuleni, hakuwahi kukaa nao hata kipindi kimoja.

"Na isitoshe," akasema, "jibu lenyewe si sahihi. Shairi linahusu upendo usiokufa. Koti ni ishara ya upendo. Mwongozo wa kusahihisha uko wazi kabisa."

"Mwongozo kaandika nani?"

"Niliuandika mimi. Na shairi hili nimelifundisha kundi la kwanza miaka miwili. Wote wameliona hivyo."

"Kumbe kwao halikuwa geni! Wote wameliona hivyo kwa kuwa uliwaambia walione hivyo."

"Avril," akasema Bi Crowther.

Lakini nilikuwa nimeshawaka. "Ngojeni mnieleweshe mama wa watu, maana mimi ni karani tu. Kama jibu ni bovu, kwa nini ninasingiziwa nimelitunga mimi? Na kama ni zuri mno kwa mtoto, kwa nini kapewa nne? Chagueni moja. Haiwezekani mtoto awe mjinga na mwizi kwa jibu hilohilo!"

Bi Crowther alipaliwa na chai. Si mwanamke mbaya. Ana wazazi wanaopiga simu, wakaguzi wanaokuja bila hodi, na paa linalovuja juu ya ukumbi, na katika yote hayo alikuwa anataka tu mtu amwambie jambo la kufanya. Basi nikamwambia.

"Mpeni shairi jingine. Bwana Tranter achague mwenyewe. Na aandike mwenyewe, mimi nikae mbali. Mtoto akikwama, fungeni orodha yenu, na barua yangu ya kuacha kazi mtaipata Jumatatu."

"Sawa kabisa," akasema Tranter, haraka mno. Niliona alivyojiegemeza kitini, mtu aliyekwisha kushinda.

Kumwambia Marnie ndiyo ilikuwa kazi. Nilimkuta kwenye bwalo, mbele ya chipsi zilizoloa mchuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na uma wake ukabaki hewani.

"Kwa hiyo wanasema mimi kasuku wako."

"Wanasema mimi nimekutungia."

"Ni kilekile, Madam. Wanasema mimi siwezi kusema kitu bila mtu kunitia maneno mdomoni." Akasukuma sahani. "Siendi. Wakafie mbali na shairi lao."

"Usipokwenda, jina linafutwa."

"Nikienda nitakuwa kama yule nyani wa sarakasi. 'Haya, Marnie, fanya tena, tuone.' Yule Toby wa kundi la kwanza alisema shairi linahusu upendo kwa sababu mwalimu alisema upendo, akapewa ishirini na mbili. Yeye mbona haitwi afanye tena?"

Niliwahi kuona mahakamani mtu akiambiwa athibitishe kwamba hakuiba, na mwenzake aliyevaa suti akiambiwa aende zake nyumbani. Nilimwambia ukweli: ni dhuluma, hana wajibu wa kuibeba, na atakaloamua nitakuwa upande wake. Akaondoka bila kuaga. Nililala vibaya siku hiyo, nasema wazi, si kwa ajili ya kazi yangu.

Ijumaa saa nane mchana alikuwepo mlangoni kwa Bi Crowther kabla yangu, nywele kazibana, mkono wa sweta umeloa.

"Baba kasema nije," akaninong'oneza. "Kasema nisipokuja wataenda kunywa bia kusherehekea." Baba yake anaendesha lori la taka la manispaa na haongei sana, lakini akiongea huwa ameona mbali.

Niliruhusiwa kukaa kwenye kona kwa sharti la kufunga mdomo. Mezani kulikuwa na orodha ya Fasihi, jina la Marnie limepigwa mstari kwa penseli, tayari kupigwa kwa wino. Bwana Tranter aliketi mbele ya Marnie na daftari la majibu, kalamu mpya mkononi. Bi Crowther alikaa katikati, kama refa. Tranter akasoma shairi alilolichagua, na alilisoma vizuri, lazima niseme. Mtu huyo anayapenda mashairi. Ndiyo maana nilimkasirikia zaidi.

*Wanunuzi walipofika nilikuwa nang'oa magugu.*
*Niliwaonyesha mtofaa, nikasema unazaa.*
*Sikusema ulipandwa na nani.*
*Mwanamke akauliza: na ninyi wawili mnahamia wapi?*
*Nikasema: karibu na bahari,*
*nikaendelea kung'oa,*
*ingawa bustani ilikuwa imeshakuwa yake.*

"Tena, Mwalimu. Polepole."

Akasoma tena. Marnie hakufumba macho safari hii. Alimtazama moja kwa moja.

"Mara ya tatu, tafadhali."

Tranter akapumua kwa nguvu, akasoma. Bomba la kupasha chumba joto likagonga mara mbili. Niliona sikio la Marnie likiwa jekundu, na kwa muda nikafikiri amekwama, na mimi ndiye niliyemleta hapa aaibishwe. Nilikalia mikono yangu.

"Hawako wawili," akasema.

"Samahani?"

"Unaandika, Mwalimu? Huwa naanza tu. Hawako wawili. Yule mama kasema 'ninyi wawili', lakini shairi zima kuna mtu mmoja. Yupo peke yake na magugu. Aliyepanda mti ndiye wa pili, na hayupo tena, na yeye hakumwambia yule mama. Kamwacha aamini wako wawili. Kasema 'karibu na bahari', basi. Bahari kubwa, hakutaja hata mji. Hilo ni jibu la kumfukuza mtu." Alikuwa anaongea haraka sasa, na Tranter anaandika, kichwa kimeinama. "Halafu anaendelea kung'oa magugu ya bustani ya mtu mwingine. Watu watasema ana huzuni. Mimi nasema ana hasira. Kaulizwa swali moja la adabu na limemchoma, na hawezi kumtukana mgeni, kwa hiyo anayang'oa magugu. Mtu mwenye huzuni angekaa chini. Huyu ana hasira kwa kuwa wanaona mti tu."

Bi Crowther alikuwa ameacha biskuti yake kwenye kisahani. Nilitamani kupiga kelele kama kwenye uwanja wa mpira.

"Nisomee," akasema Marnie.

"Hakuna haja," akasema Tranter. "Nimeandika yote."

"Ni haki yangu. Bi Hinchliffe hunisomea kila mara."

Tranter akasogeza daftari, akasoma. Alianza vizuri: hawako wawili, aliyepanda mti, jibu la kumfukuza mtu. Sauti yake ilikuwa imepungua ule ugumu, na nadhani kwa dakika ile alikuwa anavutiwa kweli. Kisha akasoma: "'Anaendelea kung'oa magugu kwa sababu ana majonzi makubwa moyoni, na bustani inaashiria upendo alioupoteza...'"

"Sikusema hivyo."

"Kwa maneno mengine."

"Maneno mengine ya nani? Nimesema hasira."

"Marnie, nimeandika kiini cha ulichosema. Majonzi ndiyo..."

"Nimesema hasira, Mwalimu. Nimesema watu watasema huzuni na mimi nasema hasira. Umeandika walichosema watu." Sauti ilimtetemeka lakini hakuishusha. "Na bustani inaashiria sijui nini, sikusema kabisa. Hayo si maneno yangu!"

Nyani haoni kundule. Bwana Tranter alitazama daftari kana kwamba mtu mwingine alikuwa ameliandika. Na ninaapa, hakufanya makusudi. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko kama angefanya. Alimsikia mtoto akisema jambo, na mkono wake ukaandika mwongozo wa kusahihisha. Ni mangapi yamepita masikioni mwake hivyo kwa miaka sita? Watoto wangapi walisema hasira wakasomewa majonzi, na kwa kuwa wamezoea kuambiwa hawajui, wakasema, "Ndiyo, Mwalimu, ndicho nilichomaanisha"?

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa sharti. Nilimtazama Bi Crowther mpaka akalazimika kunitazama.

"Bwana Tranter," akasema taratibu, "alisema hasira. Nilimsikia."

Tranter akawa mwekundu kuanzia kola. Alikata mistari ile, akaandika upya, na Marnie akamrudishia neno moja moja, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni stesheni. Alipomaliza akasomewa tena, akasema, "Hapo sawa."

"Basi nadhani suala limekwisha," akasema Bi Crowther. Akavuta droo. Mimi nikajua anatafuta kifutio cha kuondoa ule mstari wa penseli. Badala yake akatoa karatasi ya kijani. Kila mtu aliyefanya kazi shuleni anaijua hiyo ya kijani: ni fomu ya ustawi wa mtoto, ya watoto wanaodhaniwa wanateswa.

"Marnie, mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli, "hakuna aliyekukasirikia. Lakini nilirudia kusoma jibu lako la koti. Yule mama anayehesabu hatua. Sasa tunajua ni maneno yako, na hasira hii ya leo pia. Inabidi nikuulize. Mtoto wa umri wako anayajuaje mambo hayo? Kuna mtu nyumbani unayemwogopa?"

Marnie hakuelewa kwanza. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akaelewa.

"Baba?" akasema. "Baba anaogopa buibui, Madam! Ananiita mimi niwatoe bafuni!"

"Huhitaji kumtetea mtu..."

Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake na hakukiokota. "Nilipokuwa sijui kusoma haraka mkasema sina akili, mkanipa waridi nipake rangi. Nikajibu swali, mkasema kajibu Bi Hinchliffe. Nimejibu tena hapa, machoni penu, sasa mnasema basi kuna mtu ananipiga." Machozi yalikuwa yanamtoka na aliyaacha yatoke. "Toby akijibu vizuri mnasema kasoma. Mimi ndiye siwezi kuwa nimesoma? Lazima kuwe na mtu nyuma ya pazia? Nilisikiliza, Madam. Shairi limesema, mimi nikasikiliza. Ndiyo kazi mliyonipa!"

Sharti au si sharti, nilikwenda nikaokota kile kiti. Hakuna aliyenizuia. Bi Crowther alikuwa ameshika fomu ya kijani kwa mikono miwili, na nikaona aibu ikimpanda polepole usoni, aibu ya mtu mzima anayejua kwamba nia yake ilikuwa njema na imemuumiza mtu. Aliirudisha fomu drooni. Akachukua kifutio, akafuta mstari wa penseli, na kwa kalamu akaandika sahihi yake kando ya jina: Ackroyd, Marnie. Ilikuwa saa tisa na robo.

"Samahani," akasema. "Nisamehe, Marnie."

Marnie akaitikia kwa kichwa. Alijifuta uso kwa mkono wa sweta.

Ungedhani yameishia hapo. Lakini Bwana Tranter alikuwa amefungua karatasi ile ya moko, na alikuwa anaikunja na kuikunjua. Akakohoa. "Ila ieleweke," akasema, bila kumtazama mtu, "kwamba alama ya moko haiwezi kubadilishwa. Usajili, sawa. Lakini jibu la koti halimo kwenye mwongozo. Siwezi kuwapa kundi la kwanza mwongozo mmoja na yeye mwingine. Nne itabaki nne."

Nilifungua mdomo. Mungu anajua nilichotaka kusema, na kingenifukuzisha kazi papo hapo. Marnie akanigusa kiwiko.

"Iache tu, Madam," akasema, akiokota begi lake. "Mei si yeye atakayesahihisha."